Maswali Yenu: "Reinvent the wheel" maana yake nini hasa, na inatumikaje?

Barua za safari hii nyingi zimeangukia sehemu moja, misemo ya Kiingereza inayohusu kubuni vitu na kutoa mawazo, na katika hiyo ule wa gurudumu ndio umeulizwa kuliko yote. Nimeamua safu nzima tuimalize hapohapo, maana ni msemo unaosikika kila kikao na watu wanautikisia kichwa tu bila kuelewa wameambiwa nini.

SWALI: Habari za kazi ndugu mhariri. Mimi bado najifunza kuandika programu za kompyuta, niko kwenye timu ya watu wazoefu. Juzi nilikuwa naandika kipande cha kuhesabu tarehe, yani mtu akijisajili leo, baada ya siku 90 itakuwa tarehe ngapi. Kiongozi wa timu akapita nyuma yangu, akaangalia skrini, akasema "don't reinvent the wheel" akaendelea na safari yake. Neno moja moja naelewa, gurudumu lisivumbuliwe tena, ila sikujua kama kanishauri au kanisema. Naomba kueleweshwa. — Mwanafunzi wa programu

JIBU: Kakushauri, na ushauri wenyewe ni mzuri, shida ni kwamba kautupa juu juu akaondoka. "Reinvent the wheel" ni kutumia muda na nguvu kutengeneza upya kitu ambacho watu wengine walishakitengeneza, kinafanya kazi, na unaweza kukichukua ukakitumia. Gurudumu limechaguliwa kwa sababu ndio kitu ambacho hakuna mtu anayekibishia, liko siku zote, kila mtu analijua, na umbo lake limeshapatikana. Kwa hiyo ukiambiwa hivyo unaambiwa: hiyo kazi ilishafanywa ndugu yangu, katafute iliyopo.

Kwa upande wa tarehe kiongozi wako ana haki kabisa. Kuhesabu siku kunaonekana kitu chepesi mpaka ufike mwezi wa pili. Wengi tunajua mwaka mrefu, yani wenye siku 366, ni ule unaogawanyika kwa 4, basi mtu anaandika hivyo kwenye programu yake anaona kamaliza. Lakini kanuni ya kalenda hii tunayotumia inaendelea, mwaka unaogawanyika kwa 100 sio mrefu, isipokuwa kama unagawanyika pia kwa 400. Ndio maana 2000 ulikuwa na tarehe 29 Februari, ila 1900 haukuwa nayo, na 2100 hautakuwa nayo. Hapo hujagusa bado mambo ya saa za nchi tofauti, na zile nchi zinazosogeza saa mbele na nyuma mara mbili kwa mwaka. Lugha karibu zote za programu zina maktaba ya tarehe, yani mkusanyiko wa vipande vya programu vilivyo tayari kutumika, iliyoandikwa na watu waliokaa na matatizo haya miaka na miaka wakayasahihisha moja baada ya jingine, sasa wewe ukianza moja utakutana na makosa yaleyale waliyokutana nayo wao, na utakutana nayo mteja akiwa ameshaanza kulalamika.

Kuna eneo moja ambalo huu msemo ni sheria kabisa, nalo ni usimbaji wa siri, yani kuficha nywila na taarifa za watu. Hapo hata waandishi wa programu wakongwe wanakatazana kujitungia njia zao. Sababu ni kwamba njia ya siri inaaminika kwa vile watu wengi wenye ujuzi wameishambulia kwa muda mrefu wakashindwa, sasa ya kwako uliyoitunga wikiendi nani kaishambulia? Kutoivunja wewe mwenyewe sio ushahidi wa kitu chochote.

Kuhusu kama kakusema vibaya, hamna tusi ndani ya msemo huu. Ila unategemea sauti na unategemea nani anamwambia nani. Mtu wa rika lako akisema "let's not reinvent the wheel" ni ya kirafiki, inamaanisha tusijichoshe. Mkubwa akimwambia mdogo "you're reinventing the wheel" mbele za watu, inauma, kwa sababu ndani yake kuna "hukufanya utafiti kabla ya kuanza". Ukiambiwa hivyo jibu zuri sio kunyamaza, muulize: "Thanks, which library should I use?" Hapo umepokea ushauri na umemrudishia kazi ya kuumalizia.

SWALI: Mimi naomba kujua, gurudumu lenyewe si limebadilika sana? La zamani la mbao na la gari la leo ni vitu viwili tofauti. Sasa kama watu wangefuata huu msemo si tungekuwa bado tunatumia la mbao? — Msomaji mdadisi

JIBU: Swali lako ndilo limenifanya niichukue mada hii, kwa sababu linagusa kosa kubwa kuliko yote katika kuutumia huu msemo, nalo ni kuchanganya kuvumbua upya na kuboresha.

Ngoja tuliangalie gurudumu lenyewe kwanza. Mwaka 2002, kwenye eneo la tope na majimaji karibu na Ljubljana, mji mkuu wa Slovenia, wachimbaji wa mambo ya kale walipata gurudumu la mbao pamoja na ekseli yake, lina umri wa zaidi ya miaka 5,000, na ni kati ya magurudumu ya mbao ya zamani kuliko yote yaliyowahi kupatikana duniani. Lina upana wa sentimita 72 hivi. Halikukatwa kutoka kwenye gogo zima, ni mbao mbili za mti wa Ulaya unaoitwa ash zimewekwa ubavu kwa ubavu zikashikizwa na vipande vinne vya mwaloni vilivyopitishwa kwenye mifereji. Tundu la katikati sio la duara, ni la mraba, kwa hiyo ekseli ilikuwa inakaza mle ndani na inazunguka pamoja na magurudumu yake. Yani mafundi wale walishafikiria mambo ya mbao kupasuka, mambo ya kukaza, mambo ya uzito, wakati huo hamna hata chuma.

Baada ya hapo watu hawakukaa. Miaka kama 4,000 iliyopita ikaja gurudumu yenye vijiti vya kutoka katikati kwenda pembeni, nyepesi, inayofaa kwa magari ya farasi. Baadaye sana ikaja raba, ikaja hewa ndani ya raba. Hao wote hawakuvumbua gurudumu upya, walichukua lililopo wakalisogeza mbele. Kwa hiyo msemo hauwakatazi. Unamkataza yule anayekaa chini kutafuta umbo gani linazunguka vizuri, akaanza na mraba, akaenda pembe sita, akahangaika, mwisho wa siku akafika kwenye duara akashangilia. Waandishi wa programu wana nyongeza yao kabisa, wanasema "reinventing the square wheel", kuvumbua gurudumu la mraba, yani umekwepa kitu kizuri kilichopo ukatengeneza cha kwako alafu kikawa kibovu zaidi.

Lakini nikupe kisa ambacho kinaweka huu msemo kwenye mizani, na kinahusu gurudumu lenyewe hasa. Mwaka 1845 Mskoti mmoja anaitwa Robert William Thomson alipata hataza, ile haki ya kisheria ya mvumbuzi, kwa ajili ya tairi la hewa. Lilikuwa na mpira wa ndani wa turubai lililopakwa raba, juu yake ngozi. Lilifanya kazi, alilifunga kwenye magari ya farasi na kulionyesha London. Ila lilikuwa ghali, na baiskeli hazijaenea, magari ya injini ndio hayapo kabisa, hivyo likasahaulika. Ikapita miaka zaidi ya 40. Mskoti mwingine, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa anaishi Belfast, akatengeneza tairi la hewa kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake, na mwaka 1888 akapewa hataza. Hakujua habari za Thomson. Baadaye kidogo ikagundulika kuna hataza ya zamani ya kitu hichohicho, ya kwake ikabatilishwa.

Sasa tusemeje, Dunlop alipoteza muda? Mimi nasema hapana. Kisheria kweli alirudia kitu kilichokwisha kufanywa na hiyo ilimgharimu haki yake. Ila la Thomson lilikuwa limekufa, hamna mtu analiuza, hamna mtu analitumia, na la Dunlop lilikuja wakati baiskeli zinalihitaji, na ndio lililoingia barabarani likabaki. Msemo unasema usitengeneze upya kitu ambacho kipo. Neno "kipo" ndio lina uzito hapo, kipo na kinapatikana na kinafaa kwa shida yako. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo, msemo haukuhusu.

SWALI: Mkuu, bosi wetu huu msemo ndio silaha yake. Mtu akija na wazo jipya kwenye kikao, kabla hajamaliza anaambiwa "let's not reinvent the wheel", kikao kinaendelea. Sasa watu wameacha kutoa mawazo. Je anautumia sawasawa? Na mtu ajibu vipi bila kuonekana mjuaji? — Mfanyakazi, jina limehifadhiwa

JIBU: Hapana, hautumii sawasawa, na pole sana, maana hali unayoieleza ipo ofisi nyingi na inaua kazi taratibu.

Anayesema "don't reinvent the wheel" ana deni, inabidi aonyeshe gurudumu. Kama hawezi kusema "tunacho kitu fulani, kiko mahali fulani, kinafanya hilihili unalotaka kufanya" basi alichosema sio ushauri, ni "sitaki kusikia" iliyovalishwa koti. Kwa hiyo dai gurudumu, ila kwa upole. Kiingereza kinachofaa ni kama hiki: "That's fair. Which existing process do you have in mind? I'd like to check whether it covers this case." Umekubali hoja yake, umemuomba aitaje, na umesema utakagua, hakuna atakayekuona mjuaji. Akitaja kitu na kweli kinafaa, shukuru, umeokoa muda. Akitaja kitu kisichofaa, sasa mna mazungumzo ya maana, mnaweza kusema kinapungukia wapi. Akishindwa kutaja, kikao kizima kimesikia.

Ukitaka mfano wa kumpa, wa nje kabisa ili asijione anashambuliwa, mpe huu. Google ilianzishwa 1998. Wakati huo mitambo ya kutafuta vitu kwenye intaneti ilishakuwepo, AltaVista ilikuwa inafanya kazi tangu 1995, watu wanaitumia wameridhika. Mtu angesimama akasema tutengeneze mtambo wa kutafuta, angeambiwa gurudumu hilo lipo. Na lilikuwepo kweli. Tofauti ilikuwa ndani, namna ya kupanga matokeo, ukurasa unapewa uzito kwa kuangalia kurasa ngapi nyingine zinauelekezea na hizo zinazouelekezea zenyewe zina uzito gani. Ukiangalia kwa nje ni marudio, ukifungua ni kitu kingine.

Hata hivyo nikuombe na upande wako ujikague kidogo. Kiingereza kina msemo mwingine unaoenda kinyume na tabia ya bosi wenu, "not invented here", hakikuvumbuliwa hapa. Huo unamsema mtu au kampuni inayokataa kitu kizuri kwa sababu tu kimetoka nje, kisa hakikutengenezwa na sisi. Timu yenye ugonjwa huo kila kitu inataka kuandika yenyewe na inaita ubunifu. Kabla hujaenda kikaoni na wazo lako jipya tafuta kwanza kama lipo, na ukifika anza kwa kusema umeangalia nini na nini na kwa nini havikutosha. Sentensi moja tu ya namna hiyo mwanzoni, na ule msemo wa bosi unakosa pa kutua.

SWALI: Nilisoma uchambuzi wa simu mpya, mwandishi kasema "it doesn't reinvent the wheel". Sasa hapo anaisifia au anaiponda? Kama kuvumbua gurudumu upya ni kosa, kutovumbua si ni sifa? — Msomaji mpenda simu

JIBU: Umeona vizuri, hapa msemo umegeuka maana. Kwenye uchambuzi wa simu, magari, filamu, michezo ya kompyuta na muziki, "reinvent the wheel" haimaanishi tena kurudia kazi ya wengine, inamaanisha kuleta kitu kipya kabisa cha kubadilisha kila kitu. Kwa hiyo "it doesn't reinvent the wheel" ni kusema haijaleta jipya la kutikisa.

Kusifia au kuponda utajua kwa kinachofuata. Mara nyingi inafuatwa na "but", mfano "It doesn't reinvent the wheel, but the battery is excellent", hapo anasifia, anasema ni simu ya kawaida iliyotengenezwa vizuri. Ikifuatwa na lawama kuhusu bei, anaponda. Sikiliza "but" tu. Na kwenye maana hii unaweza kukutana nayo bila kukanusha pia, "a designer who reinvented the wheel", ikawa sifa kubwa, ila sio mara nyingi.

SWALI: Mimi ni mwalimu. Nina maswali mawili. Kwanza, kwa Kiswahili tuseme nini? Nimeona watu wanaandika "kuvumbua gurudumu upya" na wengine wanasema ni kutwanga maji kwenye kinu. Pili, mwanafunzi wangu mmoja kaniuliza kwa nini tunawafundisha kukokotoa vitu ambavyo mashine inafanya, si tunavumbua gurudumu? Sikuwa na jibu la haraka. — Mwalimu wa hisabati

JIBU: Shikamoo mwalimu. La kwanza, "kuvumbua gurudumu upya" limeshaingia kwenye maandishi na mimi silikatai, anayejua Kiingereza ataelewa palepale. Ila kwa mtu asiyekijua halimwambii kitu, atajiuliza gurudumu limetokea wapi. Kwenye mazungumzo sema tu "tusianze moja, hiki kitu kipo" au "kazi hii ilishafanywa, tuichukue". Kutwanga maji kwenye kinu sikubaliani nako kwa hapa, kwa sababu anayetwanga maji hapati kitu hata atwange mpaka usiku, na anayevumbua gurudumu upya mwisho anaweza kulipata, tena zima kabisa, tatizo lake ni kwamba lilikuwepo. Mmoja kazi yake haina tunda, mwingine tunda analo ila kalipia bure. Ukichanganya hizo mbili unamwonea mtu.

La pili ndilo zito. Mwambie mwanafunzi hivi, lengo la zoezi sio jibu, jibu la zoezi liko nyuma ya kitabu na kila mtu analijua. Lengo ni yeye. Akikokotoa mwenyewe anapata jicho la kujua mashine ikikosea, na zaidi ya hapo anajua vitu gani vipo duniani ili siku akivihitaji asivitafute gizani. Na kuna kisa kinachoonyesha hili vizuri sana. Mwaka 1994 jarida moja la kitabibu la mambo ya kisukari lilichapisha makala yenye njia mpya ya kupata eneo lililo chini ya mstari wa grafu, kwa ajili ya vipimo vya sukari kwenye damu. Njia yenyewe ilikuwa kugawa eneo hilo vipande vipande, kila kipande kina umbo la trapeza, unapata eneo la kila kimoja alafu unajumlisha. Mwalimu, wewe umeshaijua. Hiyo ni kanuni ya trapeza inayofundishwa kwenye hesabu za sekondari na mwaka wa kwanza chuo. Wasomaji wa jarida waliandika barua kueleza hivyo. Na mwaka 2016 mtafiti mmoja alionyesha kwamba vibao vya udongo vya Babeli, vilivyoandikwa kati ya mwaka 350 na 50 kabla ya Kristo, vina hesabu ya mwendo wa sayari ya Mshtarii inayotumia wazo hilohilo la eneo la trapeza.

Yani kitu kilikuwa kimekaa kwenye udongo zaidi ya miaka 2,000, kikarudi kwenye vitabu vya shule, alafu kikavumbuliwa tena. Watu wengi kisa hiki wanakisimulia kwa kucheka, mimi sicheki. Yule mwandishi wa makala ya kisukari alikuwa na shida ya kweli ya wagonjwa, akaitatua mwenyewe, na njia yake ilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni kutambua kwamba njia hiyo ilishakuwepo kwenye hisabati. Kuuliza si ujinga, na kwenye kazi za utafiti kuuliza mtu wa fani nyingine ndio njia ya haraka kuliko zote ya kujua kama gurudumu lipo.

SWALI: Naomba tofauti ya "come up with", "dream up", "make up" na "cook up". Kamusi yangu zote inasema kubuni. — Msomaji

JIBU: Kamusi imekuonea. "Come up with" ndiyo ya kila siku, ni kupata wazo, jibu, mpango, na haina ubaya wowote, ukiwa na mashaka tumia hiyo: "She came up with a solution." "Dream up" ni kubuni kitu cha kiajabu kidogo, cha kufikirika, na mara nyingine msemaji anamaanisha hakitekelezeki, kwa hiyo usimwambie mkubwa wako kwamba mpango wake ni kitu "you dreamed up", atakununia. "Make up" ikienda na hadithi au kisingizio ni kutunga kitu kisicho kweli. "Cook up" ni mbaya zaidi, ni kutunga kwa hila, na hapo Kiswahili kinakusaidia moja kwa moja kwa sababu na sisi tunasema mtu kapika stori, kapika takwimu, kapika majungu. Maana inakaa palepale.

SWALI: Na "think outside the box" ni boksi gani hilo? — Msomaji wa siku nyingi

JIBU: Ni msemo wa kuhimiza mtu afikiri nje ya mazoea, na ulipata nguvu kwenye mafunzo ya mameneja Marekani kuanzia miaka ya 1960 na 1970 kwa kutumia chemshabongo ya nukta tisa. Chemshabongo yenyewe ni ya zamani kuliko hapo, ilishachapishwa 1914. Chukua karatasi weka nukta tisa, mistari mitatu ya nukta tatu tatu, zikae kama mraba. Sasa ziunganishe zote kwa mistari minne iliyonyooka bila kuinua kalamu. Utahangaika. Karibu kila mtu anahangaika kwa sababu anajiwekea sharti ambalo hakuambiwa, kwamba mstari usitoke nje ya mraba. Anza nukta ya juu kushoto, nenda kulia upite nukta ya tatu utoke nje kidogo, teremka kwa mshazari kushoto ukipita ya kati upande wa kulia na ya chini katikati mpaka utoke nje tena usawa wa safu ya kushoto, panda juu mpaka ile uliyoanzia, malizia kwa mshazari kwenda chini kulia. Zimeisha. Boksi ni huo mraba ambao haukuchorwa na mtu.

Kikao kimoja kinaweza kukuambia fikiri nje ya boksi asubuhi alafu mchana usivumbue gurudumu upya, na wala hazipingani. Ya kwanza inahusu namna ya kulitazama tatizo, ya pili inahusu vifaa vya kulitatulia.

SWALI: Nikiandika "reinvent a wheel" au "reinvent wheels" nimekosea? — Mwandishi wa barua za ofisi

JIBU: Umekosea, msemo umeganda, ni "the wheel", umoja, na "the" haiondoki. Kitenzi ndicho kinachobadilika: reinvent, reinvents, reinvented, reinventing. Mara nyingi unakuja na kukanusha au na neno la kuzuia, "There's no need to reinvent the wheel", "without reinventing the wheel", "Why reinvent the wheel?" Kwenye barua rasmi kabisa, mkataba au barua ya malalamiko, ni bora uache, andika "duplicate existing work". Kwenye barua pepe ya kazi na kwenye kikao hauna shida.

SWALI: Kuna mtu aliwahi kweli kuvumbua gurudumu upya akaenda kuliandikisha? — Msomaji mdadisi, tena

JIBU: Yupo. Mwaka 2001 mwanasheria mmoja wa Australia, John Keogh, aliomba hataza ya gurudumu, kwenye fomu akalieleza kama kifaa cha duara cha kurahisisha usafirishaji, na akapewa. Nchi hiyo ilikuwa imeanzisha mwaka huohuo aina ya hataza inayotolewa haraka bila mkaguzi kuchunguza kwanza kama kitu ni kipya, na yeye alitaka kuonyesha udhaifu wake. Mwaka huohuo Keogh na ofisi ya hataza ya Australia walipewa kwa pamoja tuzo ya Ig Nobel ya teknolojia, ile tuzo ya utani kwa kazi za kuchekesha zinazofikirisha. Hataza ya aina ile ilikuwa haimpi mwenye nayo uwezo wa kumshtaki mtu mpaka ichunguzwe na kuthibitishwa, kwa hiyo hakuna mwenye gari aliyedaiwa, na kuanzia Agosti 2021 Australia iliacha kupokea maombi mapya ya mfumo huo.